Mtandao Uutumikie Mkono: Nasaha kwa Walimu wa Sayansi

Mwalimu wa sayansi mwenye darasa lililojaa watoto, kabati lenye chupa chache zilizosalia na simu moja mfukoni mwake, ana rasilimali kubwa kuliko anavyodhani. Hapo zamani intaneti ilitufikia kwa njia ya setilaiti, kwa gharama nyingi na mwendo wa kusuasua. Lakini tangu mwaka 2009, mikongo iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi ilipofika pwani ya Mombasa na ya Dar es Salaam, habari zimekuwa zikipita upesi na kwa bei ambayo watu wengi zaidi wanaimudu, hata maarifa yaliyokuwa yamefungiwa katika maktaba za vyuo vya mbali yanaweza leo kusomwa kivulini mwa mwembe wa shule ya kijijini. Hii ni neema. Walakini neema huwa fadhila kwa mwenye kujua kuitumia, na huwa hasara kwa asiyejua. Kwa hiyo muradi wa makala hii ni kuwapa walimu, na wazazi wanaowasaidia, nasaha mintarafu ya namna ya kuutumia mtandao ili mikono ya wanafunzi ipate kazi nyingi zaidi.

Nimetaja mikono kwa kusudi. Mtoto anayetazama filamu ya mtu mwingine akipima, akichanganya, akichemsha na kuandika, ameiona sayansi kwa mbali, lakini hajaifanya. Na aghalabu yale aliyoyatazama humtoka kichwani kabla ya mtihani, kwa kuwa hayakupata taabu ya kuingia. Sayansi ni elimu ya ushahidi, na ushahidi ulio bora kwa mwanafunzi ni ule alioukusanya mwenyewe kwa macho yake, vidole vyake na rula yake. Dira haimvushi nahodha bahari, ila humwonyesha aelekeako. Tanga na usukani hubaki kuwa kazi ya mikono yake. Basi kanuni ninayoipendekeza ni hii: swali lizaliwe darasani, jaribio lifanywe kwa mikono, kisha mtandao uitwe kusaidia kulitayarisha, kulilinganisha na kulieneza. Mwalimu akiushika utaratibu huo hatapotea, hata kama mtandao wenyewe utabadilika mara mia.

Mfano ulio bora wa utaratibu huo umo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha na sukari. Naye, kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, aliutia mchanganyiko wake ungali moto, na akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake uliotiwa ukiwa baridi. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Lakini hakuliacha swali lake. Alikwenda nalo hata Mkwawa, Iringa, na huko akamwuliza Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye, ijapokuwa wanafunzi wengine walicheka, alirudi kwake akalijaribu jambo lile, na mwaka 1969 wawili hao wakaandika makala iliyolifanya jina la Mpemba lijulikane dunia nzima. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kiliwaalika watu waeleze sababu ya jambo hilo, na majibu zaidi ya 22,000 yakapokewa. Mwaka 2016 wataalamu wawili, Henry Burridge na Paul Linden, wakachapisha utafiti unaotia shaka kama jambo lenyewe lipo. Hoja za pande zote mbili zinasomeka katika mtandao. Mwalimu anaweza kuzileta darasani kwa muhtasari, kisha akawapa wanafunzi vikombe viwili vilivyo sawa, kipimajoto, saa, na nafasi katika jokofu la muuza barafu aliye jirani na shule, wakatafute ushahidi wao. Yamkini maji ya moto yataganda kwanza, na yamkini hayatatangulia. Na kwa vyovyote vile watakuwa wameingia katika mjadala uliowashughulisha mabingwa, kwa mlango aliouingia kijana mwenzao.

Nasaha ya kwanza ni kuutumia mtandao wakati wa maandalizi, kabla ya wanafunzi kuingia darasani. Kitabu cha kiada aghalabu hutaja jaribio kwa zana ambazo shule haina, na mwalimu, akiona hana zana, huandika matokeo ubaoni na kupita. Lakini ukitafuta kwa subira utawakuta walimu wengi, wa India, wa Brazili, wa nchi jirani, waliopatwa na upungufu huo huo wakapata njia. Chukua mfano wa kutambua asidi na besi. Karatasi za litimasi zikikosekana, choya iliyokaushwa, ile inayouzwa sokoni kwa kutengenezea kinywaji, ikilowekwa katika maji ya moto hutoa maji mekundu ambayo hubaki mekundu yakitiwa ndimu au siki, na hugeuka kuwa ya kijani yakitiwa magadi au maji ya majivu. Kwa fedha kidogo kila mwanafunzi hupata kikombe chake, akajaribu maji ya kisima, sabuni ya kufulia na maziwa yaliyochacha. Mtandao umetoa wazo, na soko la mtaani limetoa zana. Lakini ni sharti mwalimu alijaribu jaribio hilo mwenyewe nyumbani kabla ya kulipeleka kwa watoto, kwa sababu maelezo mengi ya mtandaoni huandikwa na watu ambao maji yao, chumvi yao na hali yao ya hewa si kama yetu, na jambo dogo lisilotajwa huweza kuliharibu jaribio zima mbele ya darasa.

Nasaha ya pili ni kuyatumia majaribio ya kuigiza kwa kompyuta yakiwa yamefungamana na vitu halisi. Maarufu katika hayo ni yale ya mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Hayana malipo, huweza kupakuliwa yakatumika pasipo mtandao, na baadhi yake yamekwisha tiwa katika Kiswahili. Humo mwanafunzi huunganisha betri, waya na balbu, akaona chembe za umeme zikipita, jambo ambalo jicho haliwezi kuliona katika waya wa kweli. Lakini waya wa kwenye programu hiyo, mipangilio isipobadilishwa, hauna ukinzani, na betri yake haichoki. Kwa hiyo wapeni watoto kwanza betri za tochi, balbu ndogo na vipande vya waya, waunge sakiti mfuatano na sakiti sambamba kwa mikono, waone balbu zikififia, wahangaike na kiungo kilicholegea na betri iliyokwisha nguvu. Kisha waonyesheni picha ya kwenye kompyuta, na waulizeni kwa nini viwili hivyo havilingani. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti baina ya sakiti ya mezani na ile ya kwenye kioo cha kompyuta ameufahamu umeme kuliko aliyekariri fasili zake zote.

Nasaha ya tatu, ambayo naiona kuwa yenye thamani kubwa kuliko zote, ni kuutumia mtandao kuziunganisha shule mbili katika jaribio ambalo shule moja peke yake haiwezi kulifanya. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes, aliyekuwa msimamizi wa maktaba kuu ya Iskandaria, alipata habari kwamba siku moja ya mwaka jua la adhuhuri humulika moja kwa moja mpaka chini ya kisima huko Aswani, hali siku iyo hiyo katika Iskandaria vitu vina vivuli. Aliipima pembe ya kivuli akakuta ni sehemu ya 50 ya duara, na kwa kuwa umbali wa miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, akajua kwamba mzunguko wa dunia ni stadia 250,000. Jambo hilo kuu lilifanywa kwa kivuli na hesabu tu, na pwani yetu imepangika kama kwamba iliwekwa kwa ajili ya kulirudia. Lamu iko katika latitudo ya nyuzi 2 na dakika 16 kusini ya ikweta, na Mtwara iko katika nyuzi 10 na dakika 16. Tofauti yao ni nyuzi 8 kamili, ambazo ni sehemu ya 45 ya duara, na miji hiyo miwili karibu imo katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini.

Basi na zichaguliwe shule mbili, moja Lamu na moja Mtwara, na walimu wao wapatane kwa simu. Kila shule isimamishe mti wa mita 1 juu ya ardhi iliyo sawa, unyooshwe kwa timazi ya mwashi, na wanafunzi waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 2, tangu saa 6 kamili mchana mpaka saa 7 kasorobo. Kivuli kilicho kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli. Wakifanya hivyo tarehe 21 Machi, watastaajabu kuona kwamba adhuhuri hiyo haiji saa 6 kamili, bali dakika 20 na kitu baadaye, kwa kuwa saa zetu zimewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45, iliyo mashariki ya miji yetu, na tena jua lenyewe wakati huo wa mwaka huchelewa kwa dakika chache. Siku hiyo kivuli cha Lamu kitakaribia sentimita 4, na cha Mtwara kitakaribia sentimita 18. Wachore pembetatu kwa vipimo hivyo, wapime pembe kwa kipimapembe, kisha wapelekeane majibu na watoe pembe ndogo katika kubwa, wapate tofauti iliyo karibu na nyuzi 8. Umbali wa kutoka kaskazini kwenda kusini baina ya miji hiyo, ambao wataupima katika ramani, ni takriban kilomita 885. Ukizidishwa kwa 45 hutoa kilomita 39,825, na mzunguko wa dunia yetu ni karibu kilomita 40,000. Wakikosa siku hiyo, siku nyingine pia zafaa, maadamu shule zote mbili zipime siku moja. Ila mwanzoni mwa Oktoba jua huwa katikati ya miji hiyo, vivuli huelekea pande mbili zinazokabiliana, na hapo pembe zitajumlishwa badala ya kutolewa. Natamani kila mtoto wa pwani apate, walau mara moja katika maisha yake ya shule, kuipima dunia kwa mti na kivuli pamoja na mwenzake asiyemwona.

Nasaha ya nne ni kuzilinganisha namba za darasa na namba za ulimwengu. Shule iliyo karibu na bahari yaweza kuchomeka nguzo yenye alama za kila sentimita 10 katika hori iliyo tulivu, na wanafunzi, wakiongozwa na mtu mzima anayeijua bahari, waandike kina cha maji kwa mwezi mzima. Majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji yamo mtandaoni kwa bandari zetu, na hali ya mwezi pia imo. Watajionea wenyewe kwamba maji hujaa mara mbili kwa takriban saa 24 na dakika 50, ndiyo sababu kila siku huchelewa karibu saa moja. Kwamba bamvua huja kwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja mwezi unapokuwa nusu. Na kwamba wavuvi, ambao hawakuyasoma hayo katika jedwali lolote, walikuwa wakiyajua tangu kale. Na wavuvi hao waalikwe shuleni waseme, maana elimu yao ni ushahidi vilevile. Shule za bara nazo zisijione zimeachwa: kopo lenye kuta zilizonyooka likiwekwa uwanjani hupima mvua, na vipimo vyake vya msimu mzima vinaweza kulinganishwa na taarifa za idara ya hali ya hewa. Upo pia mpango wa GLOBE, uliotangazwa Marekani mwaka 1994 na kuanza kazi mwaka uliofuata, ambao kwao wanafunzi wa nchi nyingi hupima hewa, maji na udongo kwa utaratibu mmoja na kupeleka vipimo vyao mahali pamoja kwa njia ya mtandao, vikasomwa na wanasayansi. Mtoto anayejua kwamba namba yake itasomwa na mtu wa mbali hujifunza kupima kwa makini pasipo kuhimizwa.

Hapa inanilazimu kusema juu ya uaminifu, kwa maana mtandao umeirahisisha kazi ya kughushi. Funga jiwe kwa uzi wa mita 1, lining'inize, libembee polepole mara 20 kwenda na kurudi, na saa itaonyesha takriban sekunde 40. Kutokana na hesabu hiyo hupatikana mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao kila kitabu kinasema ni 9.8. Mwanafunzi aliyechelewa kuisimamisha saa kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde atapata 9.5. Akiifuta hiyo 9.5 akaandika 9.8 aliyoiona mtandaoni, ameitupa sayansi na kuokota alama. Mwalimu na aiweke bayana sheria hii: namba iliyopimwa haifutwi, na maksi zitolewe kwa mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti ilitoka wapi. Tena mwalimu awafundishe kuuliza habari iliandikwa na nani, lini, na kwa ushahidi gani, na wasiridhike na jibu mpaka wamelikuta katika sehemu mbili zisizonakiliana. Hata majibu yanayotungwa na programu za akili bandia, ambayo husemwa kwa ufasaha na kwa yakini kubwa, yapitishwe katika chujio hilo hilo, kwani ufasaha si ushahidi.

Mtandao una hatari nyingine zinazohitaji tahadhari. Ziko filamu za majaribio ya moto, ya asidi kali na ya umeme wa nyumbani, zilizotengenezwa ili kuwashangaza watazamaji. Hizo zisiigwe kabisa. Umeme wa ukutani usiguswe katika majaribio ya sakiti. Asidi imiminwe katika maji, kamwe maji yasimiminwe katika asidi. Na anayepima vivuli atazame chini, asilikodolee jua macho. Hali kadhalika picha za watoto, majina yao na mahali wanapokaa ni amana, na mwalimu anayepeleka kazi za darasa lake mbali apeleke namba na picha za vifaa, pasipo nyuso za watoto, ila kwa idhini ya wazazi na ya uongozi wa shule.

Ama juu ya gharama, najua shule nyingi haziwaruhusu wanafunzi kuja na simu, na nyingine hazina umeme wa kutegemewa. Haya yote hayazuii kazi. Mwalimu mmoja mwenye simu, akienda mjini penye mtandao mwema, aweza kupakua katika kadi moja majaribio ya kuigiza, filamu fupi na majedwali ya muhula mzima. Na ziko programu za bure kama Kolibri, zilizotengenezwa makusudi kwa shule zisizo na intaneti, ambazo huhifadhi masomo katika kompyuta moja na kuyagawa kwa nyingine zilizo karibu. Walimu wa shule jirani washirikiane gharama na kubadilishana walivyovipata, na kila jaribio lililofanikiwa liandikwe kwa Kiswahili chepesi, pamoja na zana zilizotumika na bei zake sokoni, ili mwalimu atakayekuja baadaye asianze upya. Kazi hiyo ya kuandika ni muhimu, maana majaribio mengi yaliyomo mtandaoni yako katika lugha ambayo watoto wetu bado wanajifunza, na mtoto hushika vema zaidi jambo aliloelezwa kwa lugha anayoiota.

Nawasihi walimu wakuu watenge walau kipindi kimoja kila wiki ambacho mikono ya wanafunzi itakuwa na kitu cha kupima, na wasiihesabu kelele ya kipindi hicho kuwa utovu wa nidhamu. Nawasihi wazazi wasione choya, betri kuukuu na makopo yanayoombwa na shule kuwa mchezo. Na wewe mwalimu, usingoje maabara ijengwe ndipo uanze. Chagua jaribio moja kati ya haya, lijaribu nyumbani kwako wiki hii, lifanye na wanafunzi wako wiki ijayo, kisha mwandikie mwalimu mmoja wa shule ya mbali umwombe naye alifanye, mlinganishe namba zenu.